Nusu Saa ya Farasi

Mwaka wa sabini na moja nilimposa Fransina Adams, akanikataa nikiwa bado nimeshika kofia mkononi. Alisema nakunywa mno, mikono yangu inanuka mafuta ya kondoo, na hanipendi vya kutosha kuvumilia yote mawili. Ilikuwa kweli tupu. Nikaenda nikaoa kwingine, nikaacha pombe baada ya miaka miwili, na urafiki wetu ukabaki hadi tukaota mvi. Sasa nimekuwa mjane, mgongo wangu umepinda kwa miaka thelathini na minane ya kukata manyoya ya kondoo kwenye uwanda huu wa Roggeveld, na sina tena sababu ya kumficha mtu lolote.

Fransina alipika kwenye bweni la shule hapa Witkrans kwa miaka arobaini. Mwanamke mrefu, mkavu, mikono kama ya mwanamume. Hakuna mtoto wa mchungaji wa kanisa aliyeongezewa nyama ambayo mtoto wa kibarua hakuongezewa. Usingemwuliza kama gauni lako limekukaa vizuri, maana angekuambia. Watu walimheshimu, ila hawakumtembelea sana, na yeye hakujali.

Alizaliwa Chemchemi ya Adam, pale chini ya mwamba upande wa mashariki wa Kwaggashoek, shamba la akina Olckers. Maji yale hayakauki. Hata miaka ile kondoo walipokuwa wanakufa wamesimama, pale majani yalikuwa mabichi. Akina Adams walikaa pale vizazi saba. Mama yao alifariki mwaka wa hamsini na tisa wakamzika hatua ishirini kutoka majini, wakapanga mawe juu. Fransina alikuwa na miaka kumi, mdogo wake Floors minne, na tangu siku hiyo ni yeye aliyembeba mgongoni, akamwosha, akamfunga vifungo vya shati. Miaka miwili baadaye mzee Olckers alikuja na polisi wawili na karatasi. Eti pale ni ndani ya shamba lake, na wale ni vibarua ambao kazi yao imekwisha. Baba yao aling'oa mlango wa nyumba, akaulaza juu ya mkokoteni wa punda, akamketisha Floors juu ya mlango, wakaja Witkrans. Huku maji yanaletwa na lori, Jumanne na Ijumaa, na lori likiharibika mnalamba midomo.

Basi maisha yake yote Fransina alitaka kitu kimoja. Arudi chemchemini, ajenge vyumba viwili, afe pale, alazwe kando ya mama yake. Hakuwahi kutaka kingine. Mimi nilikuwepo, najua.

Serikali mpya ya baada ya ubaguzi wa rangi ilipofungua milango, baba yake alipeleka dai kwenye ofisi ya madai ya ardhi. Dai likalala, mzee akafa. Fransina alipostaafu akalichukua yeye. Wakili wa ofisi, kijana mpole mwenye viatu visivyofaa kwa vumbi letu, alimweleza shida iko wapi. Akina Olckers wanashikilia kwamba chemchemi ilikuwa yao tangu mwanzo na nyinyi mlikuwa vibarua tu. Ukitaka kushinda, onyesha ukoo wenu ulianzia wapi na mlifikaje pale.

Hapo ndipo alipoanza kumfuata Barend, yule Olckers wa kwanza.

Alikuwa akipanda basi usiku kucha hadi Cape Town, anakaa kwenye nyumba ya nyaraka siku tatu, anakula mkate aliobeba mwenyewe, anarudi. Kile Kiholanzi cha zamani alijifunza kukisoma kwa kioo cha kukuzia, herufi baada ya herufi, kwa ukaidi uleule aliokuwa akisugulia masufuria ya shule. Miaka kumi na mmoja. Kila akirudi aliniita, anachemsha ile chai nyekundu ya porini, ananieleza alichopata. Mimi nilikuwa nasikiliza nusu na kumtazama nusu.

Barend Olckers alikuwa Mjerumani, askari wa Kampuni ya Waholanzi aliyechoka kushika zamu. Mwaka wa elfu moja mia saba sitini na tatu alipewa shamba la mkopo Kwaggashoek, yaani ardhi ya kutumia kwa kuilipia Kampuni ada. Wakati ule hakuna aliyepima kwa kamba. Ulichagua jiwe mlangoni pako, farasi akatembea nusu saa kila upande, na pale alipofika ndipo mpaka wako. Sharti lilikuwa moja: atembee, asikimbie. Sasa niambieni, nyikani kule nani alimwona farasi wa mtu?

Barend alikuta pale mwanamke wa Kikhoi, Griet, ambaye watu wake walikuwa wakinywesha kondoo kwenye chemchemi kabla karatasi yoyote haijafika uwanda huu. Akazaa naye Adam. Baadaye akaoa mjane wa Kizungu akamzaa Andries. Mzee alipokufa, Andries akasema chemchemi ni yake. Adam akaenda kwa hakimu wa wilaya, safari ya siku sita, akalalamika kwamba chemchemi iko nje ya nusu saa ya baba yao, ni ya watu wa mama yake, na Andries alimkimbiza farasi. Fransina aliipata karatasi hiyo, na chini yake amri ya hakimu: farasi atembezwe upya mbele ya mashahidi. Halafu basi. Hakimu akahamishwa, kitabu kikaisha. Miaka mia mbili thelathini na moja amri ile ilikuwa inasubiri mtu aitekeleze.

Karatasi hiyohiyo ilikuwa inatafutwa na Wessel Olckers, mtoto wa yule aliyeleta polisi. Hawa jamaa zetu Wazungu wana ugonjwa wa koo. Kila mtu anapewa herufi na namba: babu wa kwanza ni a, watoto wake b1, b2, wajukuu c, na kuendelea hadi kitoto kilichozaliwa juzi. Wessel alikuwa anaandika kitabu cha Barend. Alikuta jina la Fransina kwenye daftari la wageni wa nyumba ya nyaraka, akamwandikia barua. Mwanzoni walirushiana maneno kama paka. Baadaye wakaanza kubadilishana nakala, na siku moja nikamkuta Fransina kwenye baraza la Kwaggashoek anakunywa kahawa kwa kikombe cha maua, na Wessel anamwita binamu. Nilitema mate pembeni. Lakini hata mimi, nikiri, nilifurahi zaidi kidogo kuliko nilivyotaka.

Wessel ndiye aliyeleta wazo. Alisema baba yake alikosea kuwatoa watu kwa polisi, ila yeye hatoi ardhi kwa kuona haya tu. Hakimu alisema farasi atembee, basi atembee. Na akasema Fransina achague farasi, achague mpandaji, achague mshika saa. Ikizidi nusu saa kutoka jiwe la mlangoni hadi majini, chemchemi na hekta sitini ni za akina Adams. Isipozidi, dai linafutwa. Wakatia saini mbele ya wakili. Siku hizo nilidhani ule ni uungwana. Siku hizi nalala nikijiuliza kama hakuwa anatujua kuliko tulivyojijua.

Fransina alimchagua Blom, farasi jike wa mzee wa kanisa Titus, mnyama mtulivu. Saa akanipa mimi, Dawie Apools. Mpandaji hakufikiri mara mbili: Floors. Yule alikuwa ameshinda juu ya farasi tangu ana miaka tisa, amefuga na kufundisha farasi wa nusu ya mashamba ya huku. Mwezi wa tano tulikwenda tukajaribu, Wessel mwenyewe akaturuhusu. Mara ya kwanza dakika thelathini na tatu. Mara ya pili thelathini na nne. Ya tatu thelathini na tatu tena. Fransina alipika kichwa cha kondoo na matumbo, tukala tumekaa kando ya kaburi la mama yake, na Floors akawa anaonyesha kwa fimbo jiko litakaa wapi. Fransina alicheka kwa sauti. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake kikitoka chote hivyo.

Kisha wakili akataka orodha ya warithi, kila mmoja na cheti chake. Akaonya kwamba jina moja la uongo linaweza kuangusha yote. Fransina akaenda kanisa la misheni kutazama daftari za ubatizo. Alirudi na uso wa majivu, akanionyesha nakala. Floors, mwaka wa hamsini na tano. Mama: Katriena Beukes, hajaolewa. Baba: hajulikani. Katriena alikuwa mdogo wake mama yao. Alimwacha mtoto, akaenda mjini, hakuonekana tena. Hakuwa na tone la damu ya Adam, Floors wetu, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Nilimwambia Fransina amwache kwenye orodha. Mzee wa miaka sitini na nne, aliyelala kitanda kimoja nanyi, akatolewa mlango mmoja nanyi, atamdhuru nani? Akasema hawezi kuandika uongo kwenye karatasi atakayoiapia. Nikamwambia basi mwambie kwanza, mkae wawili. Akasema atamwambia. Jumapili ya kwanza Floors alikuja na wajukuu, ikashindikana. Jumapili ya pili alikuja ana mafua. Jumapili ya tatu walikula, wakanywa chai, akaondoka. Mwanamke aliyemwambia kila mtu kila kitu maisha yake yote, jambo hilo moja likamkwama kooni.

Orodha ikabandikwa kwenye ukumbi wa kanisa ili ukoo uhakikishe na kutia saini. Majina arobaini na matatu, yote na herufi na namba zake. Floors alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, amewashika wajukuu wawili mikono, anataka kuwaonyesha namba zao. Akaanza juu, kidole kinateremka polepole. Kikafika chini kabisa, chini ya mstari: Floors, mtoto wa kulelewa. Bila namba. Akauliza kama mchapaji amekosea. Ukumbi ulikuwa umejaa.

"Si kosa, Floors," Fransina akasema. "Wewe ni mtoto wa Katriena. Nilitaka kukuambia."

Floors alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. Mjukuu mmoja akamwuliza babu, namba yangu iko wapi. Floors akamwuliza Fransina kama bado anamtaka apande farasi. Fransina akasema bila shaka, nani mwingine? Floors akasema sawa, akaondoka na wajukuu wake. Jioni ile nilimwambia Fransina abadilishe mpandaji. Alinikasirikia vibaya sana, akanionyesha mlango. Akasema yeye ndiye aliyemlea Floors, na kama kuna mtu mmoja duniani anayemjua, ni yeye.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa tisa, baridi kali, barafu bado nyeupe kwenye vivuli. Wessel na wakili walibaki nyumbani kwenye jiwe. Mimi, Fransina na mzee Titus, ambaye macho yake yamefifia hata haoni kitabu cha nyimbo, tulisimama majini. Ilipogonga saa tatu shuka jeupe likapandishwa kwenye pampu ya upepo ya nyumbani, ishara kwamba farasi ameondoka, nikabonyeza saa.

Kwa muda hatukuona kitu. Kisha Floors akatokeza kwenye mteremko, mdogo kama mende. Alikaa wima, hatamu zimelegea kidogo. Blom hakukimbia, nawaapia. Nilikata manyoya miaka yote hiyo katikati ya farasi, najua mnyama anapokimbia. Alitembea. Ila alitembea kama anayerudi zizini kula: hatua ndefu, shingo mbele, mguu wa nyuma unapita alama ya mguu wa mbele. Nilijua kuna magoti ya mpandaji yanayofanya kazi pale. Mwezi wa tano magoti hayohayo yalikuwa yanamzuia.

Fransina alikuwa anatazama bila kupepesa. Floors alipopita kichaka cha mwisho, Fransina akasema kwa sauti ya chini kwamba anakwenda haraka. Nikatazama saa, dakika ishirini na sita. Fransina hakumpungia Floors mkono, hakumwita, alisimama tu amejishika kiwiko. Kwato za mbele zikaingia majini.

"Ngapi?" Titus akauliza.

Nilikuwa na saa mkononi. Nikasema ishirini na tisa.

Pikapu ya Wessel ikafika muda si mrefu. Titus akamwambia hesabu, wakili akaandika. Sitamsingizia Wessel: hakushangilia. Alivua kofia, akamwuliza Floors kama farasi alitembea. Floors akasema alitembea njia nzima. Wessel akaitikia kwa kichwa, akamwambia Fransina kwamba kaburi la mama atalitembelea wakati wowote, aombe tu ufunguo nyumbani. Yaani mtu aombe ufunguo wa kumwona mama yake. Wakaondoka, wakamchukua Titus.

Tukabaki watatu na farasi anakunywa.

"Amekupa nini?" Fransina akauliza.

"Hajanipa kitu. Hata kahawa sijanywa kwake."

"Umetunyima wote, Floors. Watu arobaini na watatu."

"Na wangu? Wangu walikuwa wangapi kwenye ule ukuta?" Hakupandisha sauti. "Tangu nipate akili nimekuwa nikijua mama yangu amelala chini ya mawe yale. Nikiwa na shida nilikuwa nakuja kuruka uzio wa watu usiku nimwambie. Mzee mzima. Wewe ukanionyesha mbele ya wajukuu zangu kwamba nilikuwa naongea na mama wa watu. Jumapili tatu ulinipa wali na nyama, Dada, unajua, na unanitazama nikila."

"Niliandika ukweli."

"Umeandika. Nami farasi ametembea. Muulize Dawie kama alikimbia."

Akanitazama. Nikasema hakukimbia. Ningesema nini?

"Ulinitoa kwenye ukoo kwa penseli," akamwambia. "Basi mimi nimeiingiza chemchemi kwenye shamba lao, na sijaandika hata herufi."

Akaweka hatamu juu ya jiwe, akapita kando ya kaburi bila kuligeukia, akashika njia ya Witkrans kwa miguu. Fransina alimwita mara moja. Alimwita kwa jina lile la utotoni ambalo sitaliandika hapa, maana si langu. Floors akaendelea kutembea.

Nilimrudisha Fransina kwa gari langu bovu, Blom tukamfunga pale hadi mtu wa Titus amfuate. Njiani nilifikiri analia, nikamtazama, halii. Mlangoni pake nilishuka kumfungulia, kwa kuwa mlango wa upande ule haufunguki kwa ndani. Alisimama amenishika mkono wa koti.

"Dawie. Saa ulikuwa nayo peke yako."

"Ndiyo."

"Titus haoni. Mimi sikuwa na saa. Wessel angeandika chochote ambacho ungesema."

Nilidhani baridi imemwingia kichwani. Nikamwuliza kama anataka kusema nilipaswa kudanganya, yeye, Fransina Adams, aliyemfuta mdogo wake kwa sababu ya ukweli wa kipande kimoja cha karatasi.

"Ungesema thelathini na tatu," akasema. "Nilikuchagua wewe kwa sababu nilijua unanipenda."

Jamani. Miaka arobaini na minane. Pombe niliiacha kwa ajili ya maneno yake, na uongo niliuacha pamoja na pombe, kwa kuwa niliona haya kusimama mbele ya mwanamke wa namna ile na mdomo mchafu. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinicheka kwamba hata bei ya kondoo siwezi kuificha. Kumbe siku aliyonipa ile saa alikuwa ananunua uongo wangu, na hakuniambia.

Nilimwambia hivyo, kwa ukali, tena nikaongeza mengine ambayo nayajutia. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaachia koti langu, akasema asante kwa usafiri, Bwana Apools, akaingia ndani akafunga mlango, na hadi leo hajaniita tena kwa jina lingine.